Kuhamia Windows 11: kilichopotea ni mkono, akili ipo palepale

#1 Mleta uzi

Habari za jioni wakuu.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilimaliza kupokea masasisho ya usalama ya bure, na tangu hapo kila wiki naona mtu anaomba msaada namna ya kuikimbia Windows 11. Majibu anayopewa ni mawili: "utazoea tu" au "acha ushamba". Mimi nilipitia haya mapema, mwaka 2023, nikiwa na wateja mlangoni. Naomba niyaeleze kwa urefu, mwenye haraka anisamehe.

Naendesha steshenari karibu na chuo hapa Morogoro. Kompyuta tano za mezani, mashine mbili za kopi, printa tatu. Tunachapa, tunaprinti, tunaskani, tunawajazia watu maombi ya mikopo na ya ajira.

Anayechapa kwangu ni mama wa miaka 54. Kazi aliianzia kwenye mashine ya taipu, enzi za karatasi ya kaboni. Akichapa haangalii kibodi, macho yake yako kwenye mwandiko wa mteja, na ukurasa mzima unaweza kutoka bila kosa hata moja. Mei 2023 fundi alituwekea Windows 11 kwenye mashine mbili, na moja ilikuwa ya mama. Kosa langu la kwanza nalikiri hapahapa: niliruhusu kazi hiyo ifanyike wiki ambayo wanafunzi wanakusanya ripoti za utafiti. Jumatatu tunafungua mlango, foleni imeshafika barabarani, na yeye hajui aanzie wapi.

Saa mbili asubuhi nikamwona mama, mchapaji mwenye uzoefu wa miaka thelathini, amegeuka mwanagenzi. Mkono wake unakwenda kona ya chini kushoto, anabofya, zinafunguka habari na hali ya hewa. Anafunga. Mkono unarudi kulekule. Mara ya nne akaiweka mikono mapajani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii mashine hainitaki." Kijana mmoja kwenye foleni akasema tena kwa sauti kwamba wazee wapumzishwe, waletwe wanaojua kompyuta. Hilo liliniuma sana. Usiku ule na mbili zilizofuata nilikaa dukani nikiichunguza ile sura mpya kipande kwa kipande.

Nilichokiona ni hiki. Mama alikuwa anajua kila kitu alichokijua Ijumaa: faili ni nini, inahifadhiwa wapi, inaprintiwaje. Kilichopotea ni mkono. Mtu aliyetumia Windows miaka ishirini haitafuti Start, kile kitufe cha kufungulia programu, kwa macho. Mkono unaifuata wenyewe, kama unavyoifikia swichi ya taa chumbani kwako gizani. Tangu Windows 95 ilipotoka, Agosti 1995, kitufe kile kimekaa kona ya chini kushoto, ukiacha mwaka mmoja wa Windows 8. Na kona ina faida yake. Ukisukuma mausi kuelekea konani, mshale unagota ukingoni na kusimama. Huna haja ya kulenga. Paul Fitts, mwanasaikolojia Mmarekani, alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kukifikia kitu unategemea umbali wake na ukubwa wake. Kona, kwa kuwa mshale hauwezi kuipita, ni shabaha kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho.

Windows 11 ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021, Start ikahamia katikati. Huko katikati haitulii. Kila programu unayoifungua inaongeza ikoni kwenye safu, safu inatanuka pande zote mbili, na Start inasogezwa kushoto. Asubuhi iko hapa, mchana ukiwa na kazi sita iko kwingine. Mkono utakariri vipi kitu kinachotembea?

Kwa hiyo la kwanza kabisa, kabla ya kumwambia mtu azoee: fungua Settings, ingia Personalization, kisha Taskbar, shuka hadi Taskbar behaviors, na pale penye Taskbar alignment chagua Left. Ukiwa kwenye ukurasa huohuo zima Widgets, zile habari na hali ya hewa, maana ndizo zinazokaa kwenye ile kona ya zamani. Ni kazi ya dakika moja. Jumanne asubuhi mama aliifikia Start mara ya kwanza alipoitafuta, akanitazama, akaendelea kuchapa.

Naendelea baadaye kidogo, kuna mteja.

#2 Mdau, Mbeya

Naweka kambi hapa. Dada, mimi ni mwalimu, nina laptopu ya shule. Kinachonishinda ni kubofya kitufe cha kulia cha mausi. Ile menyu ndefu imekwenda wapi?

#3 Mdau, Tanga

Hakuna jipya chini ya jua wakuu. Waliokuwepo mwaka 2012 wanaikumbuka Windows 8. Oktoba ile Start iliondolewa kabisa. Ukiwasha unakutana na vigae vya rangi kioo kizima, vimetengenezwa kwa mtu wa kugusa kwa kidole wakati wewe una mausi. Nilikuwa ofisi moja hapa mjini, tulikuwa tunazima kompyuta kwa kubonyeza kitufe cha umeme kwa sababu hakuna aliyejua pa kuzimia. Kumbe unatakiwa upeleke mshale kona ya kulia, usubiri upau utokeze, ndipo uingie humo. Mwaka mmoja baadaye, kwenye 8.1, kitufe kikarudi, na Windows 10 ya Julai 2015 ikairudisha menyu yenyewe. Kwa hiyo msikate tamaa, watu wakisema, hawa Microsoft wenye Windows hubadilisha.

#4 Mleta uzi

Mkuu wa Tanga asante, hilo la mwisho nalishika kwa mikono miwili. Nitalitolea mfano.

Kwanza nimjibu mwalimu, kwa sababu menyu hiyo ndiyo iliyotuingiza kwenye taabu kubwa.

Zamani ukibofya kulia juu ya faili ulipata orodha ndefu ya maneno. Windows 11 iliifupisha. Kata, nakili, bandika, badili jina na futa vikatolewa kwenye orodha, vikawekwa kwenye mstari wa picha ndogo, juu au chini kutegemea umebofya wapi kwenye kioo. Hapo 2023 picha zile hazikuwa na maneno. Mkasi unaeleweka, pipa linaeleweka. Lakini picha ya kubadili jina ilikuwa kijisanduku chenye herufi, na mtu ambaye maisha yake yote amesoma neno haoni neno.

Jumatano ya wiki ileile mwanafunzi alileta flashi yenye sura ya nne ya ripoti yake, anataka faili ibadilishwe jina kisha iprintiwe. Mama akabofya kulia, akatafuta neno, hakuliona, akabofya picha mojawapo. Kikatokea kisanduku cha kuuliza. Foleni inasukuma, akakubali. Alikuwa amebofya pipa. Wenye steshenari mnajua: faili ikifutwa kwenye flashi haiendi kwenye pipa la kompyuta, inapotea moja kwa moja, na ndicho kile kisanduku kilichokuwa kinauliza. Yule binti alilia. Mama akalia. Nilifunga duka saa sita mchana. Tulihangaika hadi tukaipata nakala kwenye barua pepe aliyomtumia msimamizi wake siku mbili nyuma. Alipoteza kurasa chache, akazichapa upya palepale kwangu, nami sikumtoza hata shilingi. Lawama simtupii mtu mwingine. Nilimkalisha mama kwenye sura asiyoijua, siku ya foleni, juu ya kazi ya mtu.

Sasa dawa, mwalimu. Shikilia kitufe cha Shift ukibofya kulia: inatoka menyu ndefu ya zamani, yenye maneno yake yote. Au ukiwa kwenye menyu fupi, chini kabisa kuna Show more options, inakupeleka kulekule. Na kama mashine yako imefika toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, zile picha zimewekewa maneno chini yake. Hapo ndipo namwambia mkuu wa Tanga kwamba ni kweli, watu walisema na kitu kikabadilika.

Utaratibu tuliouweka dukani tangu siku ile: faili ya mteja inanakiliwa kwanza kwenye folda ya siku hiyo, kazi inafanyika juu ya nakala, flashi inarudishwa mkononi kwa mwenyewe kabla hatujagusa kitu kingine.

#5 Mdau, Dar

Dada pole sana na hilo la flashi, nimesoma nikasisimka.

Mimi nachangia moja tu. Upau wa chini, yaani Taskbar, nilikuwa nimeuweka pembeni kushoto tangu Windows 7, kioo changu ni kipana. Windows 11 ilipotoka haikuruhusu, upau ukabaki chini. Nilikasirika miezi mitatu kisha nikahamia Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows. Ina menyu ya kushoto chini kama ile ya zamani. Kule Linux yalitokea hayahaya mwaka 2011: mazingira ya GNOME, yaani madirisha na menyu unazoziona kwenye kioo, yalipobadilishwa sura kwenye toleo la 3, watu wakachukua msimbo wa GNOME 2 wakaendelea kuutunza kwa jina la MATE, na wa Mint wakajenga Cinnamon yao. Aliyetaka sura ya zamani alibaki nayo. Huo ndio uhuru ninaoupenda.

#6 Mleta uzi

Mkuu wa Dar nakuelewa na nakuheshimu. Kwangu isingewezekana, wateja wanaleta kazi za Word na Publisher, na mpangilio ukihama kidogo tu kwenye cheti cha harusi nadaiwa mimi. Lakini kwa mtu wa nyumbani anayesoma, anayeandika na kuingia intaneti, Mint ni njia nzuri.

Kuhusu upau, kuna jambo lililotuumiza kuliko upande ulipokaa. Steshenari inafungua hati tano za Word za watu watano kwa wakati mmoja. Kwenye Windows 10 tulikuwa tumeupanga upau uonyeshe kila hati peke yake na jina lake: barua ya fulani, wasifu wa fulani, kadi ya mchango. Unaona, unabofya. Windows 11 ilipotoka hati zote tano zilijificha nyuma ya ikoni moja ya Word. Unasogeza mshale, unasubiri, vinatokea vipicha vitano vya kurasa nyeupe zinazofanana, unakisia. Nimeshuhudia barua ya kuomba kazi ya mtu mmoja ikiprintiwa na kukabidhiwa mwingine.

Mwishoni mwa 2023 uchaguzi ule ulirudishwa. Uko palepale kwenye Taskbar behaviors, pameandikwa Combine taskbar buttons and hide labels, weka Never. Siku nilipouona naapa nilimwita mama aache kuchapa aje atazame. Majina yamerudi chini ya kioo. Alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi.

Lakini kabla ya hapo tuliishi miezi kadhaa bila majina, na miezi ile ndiyo iliyotufundisha kitu ninachotaka wote mkichukue.

Usiku wa tatu nikiwa peke yangu dukani nilianza kuandika kwenye daftari: yapi yamehama, yapi hayajahama. Orodha ya yaliyohama ilijaa ukurasa. Kisha nikageukia kibodi, na karibu kila kitu nilichojaribu kilikuwa palepale. Ctrl na C kunakili. Ctrl na V kubandika. Ctrl na P kuprinti. F2 kubadili jina la faili. Alt na Tab kupita kati ya hati zilizofunguliwa, kila moja na jina lake juu. Kitufe cha Windows na E kufungua mafaili. Kitufe cha Windows na D kuona meza (desktop) tupu. Kitufe cha Windows peke yake, kisha unaanza kuandika jina la programu bila kubofya popote, herufi tatu tu inatokea. Waliobuni upya sura walihamisha vinavyoonekana. Vinavyobonyezwa hawakuvigusa.

Nikamfikiria mama. Huyu ni mtu wa taipu! Mpangilio wa herufi anaoutumia umetoka kwenye mashine za Remington za miaka ya 1870, na vidole vyake vinaujua kuliko mimi ninavyoujua mlango wangu. Mimi nilikuwa namlazimisha akimbizane na picha ndogo kwa mausi, wakati nguvu yake yote iko kwenye kibodi.

Asubuhi nilimwandikia njia saba kwenye kadi kwa kalamu nene, nikaibandika chini ya kioo chake. Nikamwomba mausi aisukume mbali kidogo, aifuate pale tu akishindwa. F2 ilikuwa ya kwanza, mnajua kwa nini. Siku ya kwanza alikuwa anasoma kadi. Ijumaa nilimkuta anapita kati ya hati nne kwa Alt na Tab bila kuinua macho kwenye karatasi ya mteja. Wiki ya tatu kadi ilidondoka nyuma ya meza, na hakuna aliyeiokota.

#7 Mdau, Kisumu

Nawasalimu kutoka huku Kenya. Hii ya kuandika tu baada ya kubonyeza kitufe cha Windows nimeijaribu sasa hivi na imefanya kazi. Nimekuwa nikitafuta kikokotoo kwenye ile menyu mwezi mzima!

Swali langu: nina mashine ya mezani niliyonunua ikiwa imetumika, prosesa yake ni Intel Core i5 ya kizazi cha sita. Inaniambia haifai kwa Windows 11. Fundi ananiambia ataiingiza kwa nguvu. Nimruhusu?

#8 Mleta uzi

Karibu sana ndugu yangu wa Kisumu. Mashine zangu tatu zilizobaki ni za kizazi hichohicho, kwa hiyo nakujibu kama ninavyojijibu mwenyewe.

Windows 11 inataka vitu ambavyo mashine nyingi zilizotumika tunazonunua huku kwetu hazina: prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane kwa sehemu kubwa, chipu ya usalama inayoitwa TPM toleo la 2.0, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Kuiingiza kwa nguvu inawezekana, ila Microsoft yenyewe imesema mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Mimi kwa duka lenye mafaili ya watu siwezi.

Kwa mashine binafsi, Windows 10 ilipewa mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya usalama, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha ukiwa na akaunti ya Microsoft, ama kwa kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, ama kwa kulipa dola 30. Tazama kwenye Settings, sehemu ya Windows Update, uone kama mwaliko upo. Kama kazi zako ni za kawaida, mkuu wa Dar amekuonyesha njia nyingine hapo juu.

Na kwa wote wanaojiandaa kuhama mashine inayofaa: ukishaweka Windows 11 juu ya Windows 10 una siku 10 za kurudi nyuma, ukiingia Settings, System, Recovery. Baada ya hapo mlango huo unafungwa. Kwa hiyo usihame ukaenda safari. Hama ukiwa na siku kumi za kuitumia kweli, na zisiwe siku za foleni.

#9 Mdau, Mbeya

Dada, Shift na kubofya kulia imenitoa machozi ya furaha. Nitawaonyesha walimu wenzangu kesho. Mama yupo bado?

#10 Mleta uzi

Yupo mwalimu, na leo ndiye anayefungua duka.

Nilileta binti wa miaka 20 kumsaidia. Simu anaichezea kama maji, lakini kompyuta ya mezani hakuwahi kuimiliki. Siku ya kwanza alikuwa anabofya kila picha kuona itafanya nini, kama anavyofanya kwenye simu. Mama alimtazama kidogo, akainuka, akachukua kalamu nene na kadi nyeupe, akaanza kumwandikia. F2 ameiweka juu kabisa.

Kuna ndugu ameniuliza pembeni kuhusu printa isiyoonekana kwenye orodha baada ya kuhama. Nimeombwa mashine na mteja hapa, kesho mchana nikishaprinti mitihani ya shule nitaliandika hapahapa hatua kwa hatua.